Maswali yenu: nyuma ya chupa ya mafuta ya jua pameandikwa nini?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti, watu wanageuza chupa ya mafuta ya jua, wanasoma yale majina marefu ya kule nyuma, wanaogopa. Mimi ni mfamasia, hayo majina nayasoma kila siku na naelewa kabisa kwanini yanatisha, kwahiyo safu ya leo yote ni ya hii ishu tu.

SWALI: Shikamoo dada. Nimeona video inasema sanskrini zinaingia kwenye damu na kuharibu homoni, na kwamba Marekani wenyewe wamekiri. Nilikuwa napaka kila siku tangu mwaka jana, nikaogopa, chupa nikaitupa ikiwa nusu. Sasa nina wiki tatu sipaki kitu na yale mabaka yangu ya mashavuni yaliyokuwa yamefifia yameanza kurudi. Niambie ukweli, viambato gani nivikimbie? – Mama Nuru

JIBU: Marahaba Mama Nuru, pole sana na hofu. Hiyo video imeanza na jambo la kweli alafu ikalikimbiza mpaka pasipo pake. Ukweli wenyewe uko hivi: mwaka 2019 watafiti wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walichukua watu 24 wenye afya, wakawapaka sanskrini, yaani haya mafuta ya jua, robo tatu ya mwili, mara 4 kwa siku, siku 4 mfululizo, huku wakiwatoa damu na kuipima. Viambato vinne walivyokuwa wanavitafuta, avobenzoni, oksibenzoni, oktokrileni na ekamsuli, vyote vikaonekana kwenye damu na vyote vikapita nusu nanogramu kwa mililita. 2020 wakarudia kwa watu 48 na viambato 6, ikawa hivyohivyo. Kwahiyo ndio, vinaingia, asikudanganye mtu.

Ila hiyo nusu nanogramu ndo inayowachanganya wengi. Watu wanadhani ukiivuka umekula sumu. FDA waliiweka kama mstari wa kuamua nani alete vipimo zaidi, manake kitu kikibaki chini ya hapo mtengenezaji anaweza kusamehewa baadhi ya vipimo vya usalama, kikizidi lazima avifanye. Basi vilipozidi, maana yake ni kwamba wanadaiwa vipimo. Na kwenye ripoti zilezile watafiti wakaandika waziwazi kwamba matokeo hayo yasimfanye mtu aache kupaka, hiyo sehemu kwenye video huwa haifiki.

Mwaka huohuo wa 2019 FDA walipendekeza kuvigawa viambato makapu matatu. Kapu la kwanza, vinavyojulikana kuwa salama na vinafanya kazi, vimo viwili tu, oksidi ya zinki na titani dioksidi. Kapu la pili, visitumike, navyo ni viwili, PABA na trolamini salisileti, ambavyo siku hizi hata kuvikuta ni shida. Kapu la tatu lina 12 vilivyobaki, na kwenye hivyo walisema taarifa hazijatosha. Avobenzoni iko humo, oktokrileni iko humo, homosaleti, oktinoksati na oksibenzoni pia.

Sasa mimi nikiwa nasoma chupa naangalia nini. Cha kwanza ni ukubwa wa molekyuli, najua linasikika la kimaabara lakini nivumilie kidogo. Ngozi ni kama chekeche, vitu vyenye uzito chini ya daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekyuli) vinapenya kirahisi, vikubwa kuliko hapo vinapata tabu. Oksibenzoni ina 228, na kwenye ule utafiti ndiyo iliyoonekana kwa wingi kuliko wenzake wote. Avobenzoni 310. Oktokrileni 361. Bemotrizinoli ambayo Ulaya wanaitumia kwa zaidi ya miaka 20 ina 628, na etilheksili triazoni ina 823, hizi mbili zinakaa zaidi juu ya ngozi, kupenya kwake ni kidogo mno. Ukiziona kwenye chupa, hiyo chupa imetengenezwa na mtu aliyefikiria.

Cha pili ni kipimo. Habari nyingi za homoni zimetoka kwenye seli za maabara na kwa panya waliolishwa kwa mdomo dozi kubwa mno, na wewe hunywi mafuta ya jua. Hata hivyo Umoja wa Ulaya hawakupuuza, 2022 waliishusha oksibenzoni mpaka asilimia 2.2 kwenye mafuta ya mwili, kwa uso na mikono wakaiacha kwenye 6, wakati Marekani ni 6 popote. Homosaleti nayo Ulaya wameibana asilimia 7.34, tena kwa bidhaa za uso tu, huku Marekani ikiruhusiwa mpaka 15. Na kuna moja inaitwa 4-MBC, hiyo 2024 Ulaya waliamua kuitoa kabisa. Kwahiyo ukiniuliza mimi binafsi, oksibenzoni naiacha rafuni, kwenye lebo nyingi huandikwa kama benzofenoni-3 ujue ni yeye huyohuyo, na homosaleti yenye asilimia kubwa pia naiacha, sio kwa sababu imethibitika inadhuru, ni kwa sababu zipo nyingine nzuri na sioni haja ya kung'ang'ania yenye maswali.

Lakini mama, weka na upande wa pili wa mizani. Huku kuna wasiwasi unaochunguzwa, kule kuna jua ambalo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliishaliweka tangu 1992 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika. Na kinga imepimwa kwa watu halisi. Mji wa Nambour kule Queensland, Australia, 1992, waliwachukua watu wazima 1,621, nusu wakaambiwa wapake kila siku, nusu waendelee na mazoea yao, kwa zaidi ya miaka minne. Saratani moja ya ngozi, ile ya seli bapa, ikapungua karibu asilimia 40 kwa waliopaka kila siku. Wakawafuatilia miaka 10 mingine, melanoma mpya, ile saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi, zikawa 11 upande huu na 22 upande ule. Wengi wao walikuwa watu weupe, hilo nalisema mapema maana chini kuna kaka kauliza kuhusu ngozi nyeusi.

Kwa mabaka yako tafuta yenye oksidi ya zinki NA oksidi ya chuma, hiyo ya pili ndiyo inayoipa krimu rangi ya kahawia kama fondesheni. Mabaka ya aina yako yanachochewa pia na mwanga huu wa kawaida unaouona kwa macho, na mwanga huo unapita kwenye sanskrini isiyo na rangi kama haipo. Oksidi ya chuma ndiyo inayouzuia. Na kama unakaa karibu na dirisha mchana paka hata ukiwa ndani, kioo kinazuia ile miale inayobabua tu, UVB, ile ya UVA inayozama ndani zaidi sehemu kubwa inapita pamoja na mwanga wenyewe.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka 58, natembea kila asubuhi kwa ajili ya presha. Mwanangu aliniletea mafuta ya jua, nikapaka siku mbili, ya tatu mikono na shingo vikatoka vipele vyekundu vinawasha mpaka usiku silali. Kilichonishangaza, chini ya mikono ya shati nako nilipaka lakini hakuna kitu. Je, ni feki?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole. Hilo ulilolishangaa ndilo lililonifanya nikuandikie kabla ya kuchapa hapa, nikakuuliza mambo mawili, nyuma ya chupa kuna majina gani, na je umewahi kupaka jeli yoyote ya maumivu. Ukanijibu kwamba oktokrileni imo, na kwamba mwaka jana ulipaka jeli ya ketoprofeni kwenye goti karibu mwezi mzima.

Basi wasomaji sikilizeni hapa kwa sababu hili halisemwi vya kutosha. Ketoprofeni kwa umbo inafanana na jamii ya benzofenoni. Kuna watu wakiipaka alafu wakapigwa na jua, kinga ya mwili inaikariri kama adui, na baada ya hapo ikikutana na oksibenzoni au oktokrileni, hata muda mrefu baadaye na sehemu nyingine kabisa ya mwili, inashambulia. Ila inahitaji jua kuiwasha. Ndo maana mzee palipofunikwa na shati pamebaki salama wakati mafuta ni yaleyale. Kwahiyo dalili zako zote zinaelekea kwenye mzio wa jua, na ufeki sio wa kuutafuta hapo kwanza.

Cha kufanya, hayo mafuta acha, na jeli ya ketoprofeni usiiguse tena, mwambie daktari wako akuandikie kitu kingine cha goti. Nenda kwa daktari wa ngozi, kuna kipimo cha kubandika viambato mgongoni na kuvimulika, kitathibitisha. Wakati unasubiri vaa mikono mirefu na kofia kwenye matembezi yako, matembezi usiyaache tafadhali. Vipele vikiisha jaribu yenye zinki peke yake, na usiipake mwili mzima siku ya kwanza, chukua kiasi cha punje ya maharage, paka ndani ya kiwiko asubuhi na jioni kwa siku 7 mahali palepale, na mkono huo upate jua kidogo maana bila jua mzio wako hautajitokeza. Soma na lebo za krimu za uso na manukato, oktokrileni huwa inawekwa humo pia kuzuia rangi isipauke.

Na hapohapo niseme, bidhaa kuandikwa "ya madini", yaani kinga yake ni zinki au titani na sio zile za kemikali kama oksibenzoni, sio mwisho wa kusoma. Nyingine zina zinki mbele alafu kule chini kwenye viambato visivyohesabiwa kuwa vya kinga unakuta butiloktili salisileti, ambayo ni ndugu wa viambato vya kemikali na inanyonya miale kama wao. Haidhuru wengi, ila mtu mwenye mzio ana haki ya kuijua.

MAFUPI MAFUPI: Aliyeuliza mtoto wa miezi 4, hapana mpenzi, chini ya miezi 6 kinga yake ni kivuli na nguo, ngozi yao bado nyembamba na mwili ni mdogo ukilinganisha na eneo la ngozi, kinachoingia kinakuwa kingi kwao. Aliyeuliza chupa iliyoisha muda toka mwaka juzi, itupe, na hasa kama ina oktokrileni, utafiti wa 2021 ulionyesha kadri inavyokaa ndivyo inavyozalisha benzofenoni, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani, ndani ya chupa. Wa sprei, mimi siipendi hata kidogo kwa uso, zinki na titani hazina shida juu ya ngozi isiyo na kidonda lakini mapafuni sio mahali pake, kama ndo uliyonayo pulizia kiganjani ukiwa nje alafu paka. Na anayewashwa macho kila akitoka jasho, mara nyingi ni avobenzoni na wenzake wanaoteremka na jasho, kuzunguka macho tumia ya zinki ya kijiti.

SWALI: Dada mambo. Mi fundi ujenzi, mweusi kweli kweli, juani toka asubuhi mpaka jioni. Washkaji wanasema ngozi nyeusi ina sanskrini yake ya kuzaliwa. Nilijaribu moja nikatoka kama nimemwagiwa unga wa ngano, saiti nzima ikacheka, sijarudia. Ni kweli nahitaji, na je SPF 100 ni bora?

JIBU: Poa kaka. Washkaji wamesema nusu. Ngozi nyeusi sana imepimwa na ina kinga ya asili kama SPF 13 hivi (SPF ni ile namba ya kinga dhidi ya kuungua na jua), nyeupe ikiwa na kama 3. Kwahiyo hatari yako ya saratani ya jua ni ndogo sana kuliko ya watu wa Nambour na sitakutisha kwa takwimu zao. Ila 13 sio ukuta. Kuungua unaungua, ule ukavu na kuvutwa kwa ngozi jioni unaoujua ni kuungua ambako wekundu wake hauonekani, alafu madoa ya chunusi na makovu jua linayakoleza, kwenye ngozi yetu yanakaa miezi. Na nikuombe kitu kingine, melanoma kwa watu weusi mara nyingi inatokea kwenye nyayo na chini ya kucha, Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu na akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Hiyo haihusiani na jua na hakuna mafuta yatakayoizuia, kwahiyo ukivua buti jioni angalia nyayo, doa jeusi linalokua au mstari mweusi mpya kwenye ukucha mmoja, nenda hospitali.

Ule unga ni zinki yenye chembe kubwa, inatawanya mwanga unaoonekana. Watu wengi wanaamini zinki inafanya kazi kwa kurudisha jua kama kioo, kumbe inayorudishwa ni kama asilimia 5 tu ya miale, iliyobaki inanyonywa kama zinavyofanya za kemikali, kwahiyo weupe ule sio dalili ya kinga, usiuvumilie. Kuna njia mbili. Ya rangi ya kahawia iliyokaribia ngozi yako, au ya kemikali inayokauka bila kuonekana, na kwa kazi yako ningekupa hiyo ya pili, hasa zile zenye bemotrizinoli nilizozitaja juu, iandikwe inastahimili maji dakika 80 maana wewe ni mtu wa jasho.

SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale inayobabua, 50 inazuia 98, 100 inazuia 99. Umeona tofauti ilivyo ndogo. Kinachopoteza watu ni kiasi. Ile namba ya kwenye chupa inapimwa maabara kwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na mtu wa kawaida anapaka robo au nusu ya hapo. Mimi niliwahi kupima kwenye mizani yetu, nikakamua mstari juu ya kidole cha shahada na mwingine kidole cha kati, toka kwenye shina la kidole mpaka ncha, ikaja gramu moja na kidogo, hiyo ni ya uso PEKE YAKE. Mteja aliyekuwa pembeni akasema hiyo ndo anayotumia wiki nzima. Ukipaka nusu SPF 50 yako inashuka mpaka 25 au chini ya hapo. Na ule weupe ndo unafanya watu weusi wapake kiduchu, ndo maana nakazania utafute isiyoonekana, sio urembo huo. Alafu rudia kila baada ya masaa mawili ukiwa juani. Kofia yenye ukingo pande zote chini ya helmeti haiwezekani najua, ila kitambaa cha shingo kinawezekana.

Mbele ya kwenye chupa angalia pia kama imesema inakinga UVA, kwa bidhaa za Ulaya ni herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA ni angalau theluthi ya SPF. SPF kama SPF inahesabu kuungua tu, haikuambii lolote kuhusu UVA.

SWALI: Shikamoo dokta. Nina binti wa miaka 5 mwenye ualbino. Mafuta yake yakiisha kunakuwa na kipindi sina, na nimeona mtandaoni wanachanganya unga wa zinki na mafuta ya nazi na mafuta ya mbegu za karoti, wanasema SPF yake inafika 40. Nimenunua tayari unga. Nichanganye kiasi gani? – Mama wa binti wa miaka 5

JIBU: Marahaba mama yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Naona kabisa unavyomhangaikia, na nakuomba huo unga usimpake.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa kulainisha ngozi lakini kinga yake kwa jua ni ndogo mno, ya karoti vilevile, hiyo 40 hakuna aliyeipima juu ya ngozi ya mtu. Na unga wa zinki ukiukoroga kwa kijiko unashikana vidonge vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni, ukipaka ngozi yote inaonekana nyeupe unaridhika, kumbe katikati ya vidonge kuna nafasi wazi na jua linaingia. Kiwandani wana mashine za kuusambaza na baada ya hapo wanapima. Kwa mtoto mwenye melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, anaweza akasalimika siku moja mbili, kwa binti yako hakuna akiba. Tena unga ukipeperuka anauvuta.

Kipindi ambacho mafuta hayapo, nguo ndiyo mafuta yake, na hata yakiwepo nguo ndiyo ya kwanza. Chukua nguo yake iinue uitazame kuelekea kwenye taa au dirisha, ukiona mwanga unachungulia katikati ya nyuzi hiyo haitoshi. Kitambaa kizito kilichosukwa kubana, rangi iliyokolea, mikono mpaka kwenye kifundo, shingo imefungwa. Fulana nyeupe ya pamba ikilowa inapitisha jua zaidi kuliko ikiwa kavu, kwahiyo akicheza na maji mbadilishe. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, kapelo inaacha masikio na shingo. Miwani yenye kinga ya UV, macho yao nayo yanaumia. Michezo ya nje iwe asubuhi mapema na jioni, hata shuleni ongea na mwalimu akae mbali na dirisha la jua na paredi asimame kivulini, hilo usione haya kulidai.

Ukifanya hivyo sehemu za kupaka zinabaki uso, masikio, shingo, na migongo ya mikono, na chupa moja itakusogeza mbali zaidi kuliko ukipaka mwili mzima, hapo ndipo uweke SPF 50 yenye zinki au yenye zile molekyuli kubwa kama bemotrizinoli. Ulizia kwenye kliniki ya ngozi na kwenye chama cha watu wenye ualbino kilicho karibu, sehemu nyingi wanagawa.

Na kila jumapili mkiwa mnasuka au mnaoga mkague taratibu, juu ya masikio, nyuma ya shingo, midomo, migongo ya mikono. Kigaga kinachokwaruza kama msasa na hakiondoki, au kidonda kilichopita mwezi bila kufunga, mpeleke siku hiyohiyo usisubiri kliniki ya miezi 6. Niandikie tena ukimpata daktari, nataka kujua anaendeleaje.